Miaka Ishirini na Tisa Mlangoni: Mzee Barnabé Katembo na Ufunguo wa Wenyeji wa Heshima

Leo, Alhamisi tarehe 29 Juni 1978, Mzee Barnabé Katembo, bawabu mkuu wa jumba letu la mikutano hapa Kampala, anastaafu baada ya kazi ya miaka ishirini na tisa na siku tisa. Siku hizo tisa si kosa la mpiga chapa. Ilikuwa aondoke tarehe 20, lakini bawabu mpya alikuwa bado hajauzoea mlango wa jikoni, ambao haufunguki mpaka uuinue kidogo kwa goti, na Mzee alikataa kumwachia mtu mlango asioujua. Habari za siku hizo tisa nitazirudia baadaye.

Wafanyakazi wamenipa kazi ya kuandika karatasi hii kwa sababu mama yangu, Bi. Maimunah, ndiye mpiga taipu wao, na kwa sababu Kiswahili nakisoma shuleni. Niliyoandika wamenisimulia wao. Nimejaribu kutoongeza chumvi.

Mzee Barnabé alizaliwa Butembo, Kongo, akaja Kampala mwaka 1947 akiwa kijana wa kubeba magunia ya kahawa. Tarehe 20 Juni 1949 aliajiriwa kufagia veranda ya jumba hili. Akawa tarishi, kisha mwaka 1954 akapewa koti la kijani lenye vifungo vya shaba na kuwekwa mlangoni. Koti la sasa ni la nne. Vifungo ni vilevile vya kwanza. Mkewe, Mama Marie-Jeanne, huvihamisha kutoka koti moja hadi jingine.

Wanaishi Bwaise, na kila mtu anajua mvua ikinyesha Bwaise inakuwaje. Siku za mafuriko Mzee hufika kazini suruali imekunjwa hadi magotini na viatu mkononi. Huenda kwanza kwenye bomba la bustanini, akanawa miguu, akaikausha kwa gazeti la jana, ndipo akavaa viatu na kupanda ngazi. Okeny, dereva wetu, alimwambia siku moja, "Mzee, si uingie tu? Sakafu itafagiwa." Mzee akamjibu, "Anayefagia ni nani? Ni mimi nilikuwa ninafagia. Ninamwonea huruma huyo mwenzangu."

Wafanyakazi wanasema hawajawahi kuona mtu akigusa mlango mkubwa kabla Mzee hajaufungua. Alitambua watu kwa hatua zao kwenye ngazi. Na mlango ule una mbao mbili: kwa desturi mbao zote mbili hufunguliwa kwa mgeni mkubwa tu, na watu wengine hupitia ubao mmoja. Mzee hakuifuata desturi hiyo hata siku moja. Mama wa Katwe aliyekuja kulalamika kuhusu mtaro uliojaa taka alifunguliwa mbao zote mbili kama waziri. Akiulizwa kwa nini, alisema bawaba zikizoea upande mmoja zitashika kutu upande wa pili.

Lakini jambo ambalo jina la Mzee Barnabé halitaachana nalo katika jumba hili ni cheo cha Mwenyeji wa Heshima, kwa hiyo naomba ruhusa nieleze cheo hicho kilitoka wapi. Vijana wa umri wangu wengi hawakijui.

Nilisoma katika vitabu vya maktaba kwamba zamani miji ya Ulaya ilizungukwa na kuta. Mtu wa nje akifika langoni alisimamishwa, akaulizwa anatoka wapi na amebeba nini, akalipishwa ushuru, na jioni akatolewa nje. Aliyeandikwa katika daftari la mji hakuulizwa. Aliingia na kutoka, akauza na kununua, na hakuwa mtumishi wa bwana yeyote. Baadaye kuta zilibomolewa na malango yakaondolewa, lakini miji ikaendelea kuwapa watu waliofanya mema ile haki ya kupita langoni, pamoja na ufunguo, ingawa lango lenyewe halipo tena. Ikawa heshima tupu, isiyo na mshahara wala kiti.

Kampala haijawahi kuzungukwa na ukuta. Ina vilima tu, na kila mtu hupanda kilima anachotaka. Hata hivyo Baraza la Mji la zamani lilikichukua cheo hicho, likaagiza funguo sita kutoka ng'ambo. Zote zilitoka katika kalibu moja: za shaba, zimepakwa rangi ya dhahabu, ndefu kuliko kiganja cha mtu mzima, zenye meno makubwa kama ya mamba. Hazikufungua chochote. Wa kwanza wawili kupewa walikuwa maofisa wa enzi za ukoloni, na wote wawili walizitia funguo zao katika kabati la kioo. Watu wa koridoni, yaani wafanyakazi, ndio waliokiita cheo hicho Uenyeji wa Heshima, kwa sababu jina la Kiingereza lilikuwa refu na lilisemwa siku moja tu katika miaka mingi.

Wa tatu alikuwa Bi. Akidi, mkunga wa Kamwokya, mwaka 1963. Kwa miaka thelathini alikuwa amepokea watoto wa mtaa ule, wakiwemo wafanyakazi wawili wa jumba hili. Siku ya sherehe bendi ilipiga, hotuba zikasomwa, akakabidhiwa ufunguo katika kisanduku cha mahameli. Watu walipotoka kwenda kunywa chai kwenye veranda, Bi. Akidi alibaki nyuma. Akavuta mlango mkubwa ukajifunga. Kisha, mbele ya watu wote wenye vikombe mkononi, akautoa ufunguo kisandukuni na kujaribu kuuingiza kwenye kitasa.

Haukuingia. Ulikuwa mnene mara tatu kuliko tundu.

"Sasa hii funguo ni ya mlango gani?" aliuliza.

Mkubwa mmoja akacheka kwa adabu, akamweleza kwamba ni ishara tu. Bi. Akidi alisema, "Ishara ya nini? Mimi mtu akiniambia nyumba ni yangu, ninajaribu mlango." Waliokuwepo wanasema hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeitwa usiku kwa mama mwenye uchungu, akafika akaambiwa hakuna mgonjwa.

Ndipo bawabu, ambaye kazi yake haikuwa kusema, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mama, unipatie siku munane tu."

Jioni hiyo Mzee Barnabé aliazima ufunguo mmoja kwa Karani wa Mji, akaenda nao Katwe kwa Valère, fundi chuma mwenzake wa Kongo. Valère aliugeuza mkononi akasema, "Barnabé, hii si ufunguo. Hii ni mwiko wa ugali." Walikaa wakijaribu kufikiria namna ya kuupunguza. Lakini ukipunguza mmoja, na zile nyingine tano je? Na wale wawili wenye funguo katika makabati ya vioo, wakija siku moja? Hapo ndipo Valère alipopata wazo ambalo mafundi wa Katwe wanalicheka mpaka leo. Kila fundi hutengeneza ufunguo unaofuata kitasa. Yeye akatengeneza kitasa kinachofuata ufunguo.

Kilikuwa kikubwa kama mkate mzima wa dukani. Okeny aliyekibeba kwenye gari anasema alidhani amebebeshwa betri ya lori. Karani wa Mji alikitazama, akasema, "Kiweke. Lakini kikikataa kufunguka, bawabu, wewe ndiye utakayelala nje." Kikawekwa kwenye mlango mkubwa siku ya saba. Siku ya nane Bi. Akidi alirudi akiwa na mwavuli wake na wanawake watatu wa Kamwokya waliokuja kushuhudia. Mzee alikuwa ameufunga mlango. Akasimama kando, mikono nyuma. Bi. Akidi akaingiza ufunguo, akauzungusha, na kitasa kikalia kwa sauti ambayo wanawake wale waliipigia vigelegele.

"Karibu, Mama," Mzee akasema.

Bi. Akidi alisimama pale kizingitini akamtazama. "Karibu ya nini, Barnabé? Unamkaribisha mtu nyumbani kwake?"

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu, na sijasoma mahali popote kwamba mji mwingine una desturi kama hii. Mwenyeji wa Heshima hafunguliwi mlango. Mlango hufungwa, watu wote huketi ndani, naye hufungua mwenyewe kwa ufunguo wake. Bawabu husimama kando, mikono nyuma, na hasemi neno. Mzee aliwahi kumwambia mama yangu kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi yake, kuona mtu anahangaika na mlango na yeye asisaidie.

Bi. Akidi aliutumia ufunguo wake. Mvua ikimkuta mjini, aliingia, akakaa kiti cha mbele, akavua viatu. Mara moja aliingia katikati ya kikao cha kamati ya maji, akawasalimu, akawaambia waendelee tu.

Wa nne alikuwa fundi wa mabomba, marehemu sasa. Wa tano na wa mwisho, mwaka 1968, alikuwa Bi. Shirinbai, mwalimu aliyefungua chumba cha kusomea kwa ajili ya watoto wa wauza sokoni. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma kwa vitabu vya chumba kile, vyenye jina lake ndani kwa wino wa buluu.

Mwaka 1972 Bi. Shirinbai alisafiri, kama Wahindi wengi walivyosafiri mwaka ule. Siku mbili kabla ya kuondoka alikuja na kile kisanduku cha mahameli. Mama yangu alikuwa koridoni na aliona yote.

"Barnabé, nimekuja kurudisha hiki. Si changu tena."

Mzee aliweka mikono nyuma. "Mama, mimi sina daftari ya kupokea hiyo. Nina ya kutoa tu."

"Lakini mimi sitarudi. Unajua kwamba sitarudi."

"Mlango haujui, Mama."

Bi. Shirinbai alitoka nje, akasubiri Mzee afunge, akafungua mwenyewe. Aliketi kiti cha nyuma kabisa katika ukumbi mtupu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, ingawa chai hakutaka. Kisha akatoka, akafunga, akaondoka na ufunguo wake. Mzee alisugua vifungo vya koti lake hadi jioni.

Baraza lilikuwa limeacha kukutana tangu mwaka 1971, kwa hiyo hapakutokea Mwenyeji mwingine. Mwaka 1974 ilikuja barua ya kubadilisha vitasa vyote vya mbele. Kilikuja kitasa kipya cha dukani chenye funguo mbili tu, moja ya ofisi na moja ya walinzi. Barua ilisema kitasa cha zamani kiondolewe kwenye mlango mkubwa. Mzee Barnabé, ambaye hajawahi kukaidi barua, alikiondoa kwenye mlango mkubwa siku ileile. Akakifunga kwenye baiskeli, akakipeleka Katwe kikatiwe mafuta. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alimsimamisha, akamwuliza hicho ni kitasa au ni redio. Mzee alikitikisa sikioni mwake akasema, "Afande, kama ni redio, basi imekosa stesheni." Askari akacheka, akampisha.

Jumamosi iliyofuata alikiweka kwenye mlango wa ubavuni, ule wa wafanyakazi, ulio karibu na maegesho ya baiskeli. Barua haikusema chochote kuhusu mlango huo. Wenzake walipomwuliza faida yake, alisema, "Kuna watu wako na funguo huko duniani. Mtu mmoja akikuja, akute mlango wake iko."

Hajaja mtu. Bi. Akidi alifariki mwaka 1975. Lakini kila mwisho wa mwezi Mzee hukitia kitasa mafuta kwa unyoya wa kuku, kisha hukijaribu kwa komeo la ndani. Kwa komeo tu. Katika miaka yote kumi na mitano hajawahi kukifungua kutoka nje kwa ufunguo, kwa kuwa hana. Mama yangu alimwuliza kama hajawahi kutamani. Alisema, "Mimi nimeshika mlango tu, Bi. Maimunah. Ufunguo ni ya wenyeji."

Katikati ya mwezi huu mama yangu alipewa jalada la Mzee ili apige taipu barua ya kustaafu. Ukurasa wa kwanza, penye nafasi ya uraia, pameandikwa kwa wino uliofifia: Mgeni, Kongo. Chini yake ipo mihuri ishirini na tisa. Kila Januari, kwa miaka yote hiyo, Mzee amekwenda kupanga foleni na barua ya mwajiri inayoeleza kwa nini mgeni huyu bado yuko mjini. Januari ijayo hatakuwa na barua hiyo. Mama Marie-Jeanne alisema hataki kuzungumzia Januari, na sisi hatujui muhuri wa thelathini utapatikana vipi. Mama yangu aliacha kupiga taipu, akaenda kuwaita wenzake kwenye chumba cha chai.

"Si tumpe mzee ile heshima?" Okeny aliuliza. "Amefungulia mji mzima mlango, yeye anabaki mgeni?"

Mkubwa wa ofisi alieleza kwa upole kwamba cheo kile hutolewa na Baraza tu, kwa kura, na Baraza halipo. Ufunguo wa sita umo katika sefu, nao ni mali ya Baraza. "Hatuna mamlaka," alisema.

"Basi tungoje Baraza," mmoja wao akasema.

"Mpaka lini?" Okeny akauliza. "Mzee anaondoka tarehe ishirini."

Kisha mama yangu akauliza kama inahitajika mamlaka ya Baraza kumpa mfanyakazi ufunguo wa mlango wa wafanyakazi. Mkubwa wa ofisi akasema hapana, kwa hilo hahitaji hata kuulizwa, na akatoka nje ya chumba ili asiulizwe.

Okeny akaenda Katwe. Valère sasa ni mzee, na jicho moja halioni vizuri, lakini kielelezo cha mti cha ule ufunguo bado alikuwa amekitundika ukutani. Alisema atahitaji majuma mawili, na zilikuwa zimebaki siku tano. Ndipo bawabu mpya alipoanza kushindwa na mlango wa jikoni. Mzee, tunaomba utusamehe. Mlango ule aliuweza saa ya kwanza, tena kwa goti lolote. Siku zote tisa ulizomfundisha kwa subira, Valère alikuwa anapiga tupa. Na asubuhi ya jana, ulipokuwa jikoni ukimwonyesha kwa mara ya mwisho, Okeny alikuwa mlango wa ubavuni akijaribu ufunguo wa saba.

Kwa hiyo ieleweke: leo hatumpi Mzee Barnabé Katembo cheo chochote. Ni ufunguo wa mlango wa baiskeli.

Mzee, tunakushukuru kwa ngazi ulizozisikiliza, kwa mbao mbili kwa kila mtu, na kwa miguu uliyonawa ili mwenzako asifagie zaidi. Tunakuombea wewe na Mama Marie-Jeanne miaka mingi ya kukaa mlangoni pa kwenu bila kusimama kwa ajili ya mtu, afya njema, na Bwaise iliyo kavu.

Sasa nawaomba wageni waalikwa jambo moja. Mnaposoma karatasi hii mtakuwa mmeketi ukumbini. Mmepitia mlango wa ubavuni, na nyuma yenu Okeny ameufunga. Mzee ameambiwa aje saa nane, na Mama Marie-Jeanne atakuja naye, akiwa na kisanduku cha ufunguo kwenye mkoba wake. Atakuta mlango umefungwa na hakuna bawabu. Hajawahi kukifungua kitasa hicho kutoka nje, na inawezekana ikachukua muda. Tafadhali asiinuke mtu kumsaidia. Tuvumilie kama yeye alivyovumilia.

Mtakisikia kitasa kikilia. Akiingia, tusimame sote, tupige makofi tunavyotaka. Lakini asiwepo hata mmoja wa kumwambia karibu.

Kaltumi binti Maimunah
Mwanafunzi, Sinia ya Tatu